Huku hati chafu haimfukuzi mtu

Kaka, swali lako kwenye grupu la familia nililinyamazia kwa sababu ya zamu za usiku, si dharau. Uliandika: "Dada, bajeti ya jeshi la huko Marekani inapita dola bilioni 800 kwa mwaka, na wewe unatuomba dua kwa ajili ya jino. Hela yote hiyo inakwenda wapi? Au na huko kuna chenji ya rada?"

Jino nimeling'oa. Kuliokoa kulinishinda bei.

Sasa rada. Ile ambayo Tanzania tuliuziwa kwa bei ya kupaishwa na BAE, kampuni ya silaha ya Uingereza, kwa pauni milioni 28, angalau tulikuwa na pa kunyooshea kidole. Tulipiga kelele mpaka kampuni ikatoa pauni milioni 29.5, ndiyo hiyo chenji, zikaenda kwenye vitabu na madawati. Huku mambo yanafanyika mchana kweupe, kwa risiti.

Unajua ninapoishi, Virginia kaskazini. Makampuni matano makubwa ya silaha yote yana makao makuu jirani yangu: Lockheed Martin wako Bethesda, ng'ambo ya mto, Northrop Grumman Falls Church, General Dynamics Reston, na mwaka 2022 Boeing na RTX (ndio hao Raytheon) wakatangaza kuhamia Arlington. Ndege za kivita zinaundwa Texas na Missouri. Ila Arlington ndiko iliko Pentagon, makao makuu ya jeshi, nao wamemfuata mteja. Ukishuka treni kituo cha Pentagon, pale ambapo Dar ungekuta tangazo la bando, hapa unaweza kukuta tangazo la kampuni ya silaha. Siku ya kwanza nilicheka peke yangu: nani atoke kwenye treni akanunue ndege ya vita? Kumbe tangazo halikunihusu mimi na mkoba wangu wa chakula. Linamsubiri bwana mmoja anayepita pale na faili.

Mzee ninayemhudumia alikuwa kanali. Alipostaafu akaajiriwa na kampuni inayoliuzia jeshi, akawa anarudi jengo lile lile na kitambulisho kipya shingoni. Ananisimulia nikimvisha zile soksi zake za kubana miguu, wala haoni haya, kwa sababu sheria haikumkataza. Na yeye ni dagaa tu. Lloyd Austin alitoka kwenye bodi ya Raytheon akawa waziri wa ulinzi mwaka 2021, Seneti ikampitisha kwa kura 93 dhidi ya 2.

Lakini ukitaka kuuelewa mchezo, tazama vifaru. Mwaka 2012 mkuu wa jeshi la nchi kavu, Jenerali Ray Odierno, aliliambia Bunge kwamba vifaru vya Abrams vinawatosha, wasimamishe kwanza kuvikarabati, hela iende kwingine. Bunge likakataa, likatoa mamia ya mamilioni ya dola. Mwanajeshi anasema sitaki, mwanasiasa anamwambia chukua! Kiwanda kipo Lima, Ohio, na wabunge wa Ohio wa vyama vyote viwili walisimama pamoja kukitetea. Nami siwalaumu sana wale mafundi. Ningekuwa na mume mchomeleaji vyuma Lima, ningempigia kura huyo huyo mbunge. Ndiyo maana ndege ya kivita ya F-35 vipuri vyake vimesambazwa majimbo zaidi ya 40: ukiigusa, kila mbunge anapiga yowe kwa ajili ya watu wake.

Wezi wa mtindo wetu wapo pia. Mbunge Randy Cunningham wa California aliandika bei za rushwa kwenye karatasi ya ofisi yake, yenye nembo ya Bunge! Alifungwa mwaka 2006 miaka minane na miezi minne. Huyo alikuwa mshamba. Wenzake wanapokea michango ya kampeni, inaandikishwa, na wewe ukiwa Tanga unaweza kuisoma.

Halafu hili litakukera. Tangu Pentagon nzima ianze kukaguliwa hesabu mwaka 2018, haijawahi kupata hati safi hata mara moja, na bajeti inazidi kupanda. Halmashauri yetu ikipata hati chafu, mkurugenzi anaanza kufunga virago.

Usidhani nimejitoa kwenye lawama. Mzee ananilipa mwenyewe, kwa pensheni ya jeshi na akiba aliyochuma kwenye ile kampuni. Ile laki tatu ya ada ya kidato cha tatu niliyotuma mwezi jana imetoka humo humo. Mwambie mwanao anitumie picha ya risiti, hajanitumia mpaka leo.