Gari Lenye Watu Ndilo Hupandwa

Safu ya maswali yenu kuhusu simu na mitandao. Anayejibu alikuwa na kafe ya intaneti jirani na stendi ya Moshi. Siku hizi anauza simu na vifaa vyake karibu na soko la Mbuyuni.

Swali: Shikamoo mama. Mimi na wenzangu wawili tunaishi Sakina, Arusha. Mwaka jana tulitengeneza programu ya wakazi wa Arusha: kuuza na kununua, kutafuta mafundi, vyumba vya kupanga, nafasi za kazi, habari za mtaa, kuchati, hata matokeo ya mpira. Ni ya Kiswahili, ni nyepesi, haina matangazo. Tulibandika vipeperushi kuanzia soko la Kilombero mpaka Usa River. Waliojisajili wamefika mia nne na kitu, lakini ukiifungua unakuta sofa linauzwa tangu wiki mbili zilizopita, na mtu mmoja anauliza "kuna mtu humu?" Kila tunayemuuliza anasema ni nzuri, kisha anarudi WhatsApp. Wenzetu waliofanikiwa wana nini ambacho sisi hatuna?
*Msomaji, Sakina*

Jibu: Marahaba mwanangu. Huyo anayeuliza "kuna mtu humu?" ameshakujibu, mimi naongezea maelezo tu.

Siku ukija Moshi, kabla hujatoka stendi, simama dakika kumi uangalie magari ya Arusha yanavyojaza. Kosta mbili zimepangana, nauli ile ile, safari ile ile ya kilomita 80 hivi. Moja ina watu kumi na tano, nyingine ina dereva na redio. Hiyo ya pili inaweza kuwa na viti vipya na kioo kisicho na ufa, lakini abiria ataipita akabanane kwenye ile yenye watu, maana anajua ndiyo itakayotoka mapema. Wapiga debe wanalijua hili vizuri mno. Huwaketisha vijana wao ndani, na mabegi mapajani kama wasafiri, kisha gari likikaribia kujaa wanateremka mmoja mmoja. Mimi niliwahi kukaa na mmoja wao, tukapiga soga, nikamgawia na karanga. Gari linawashwa, namwona anashuka na karanga zangu.

Usicheke. Steve Huffman na Alexis Ohanian walipoanzisha Reddit, mtandao wa mijadala, mwaka 2005, walikuwa wakiandika wenyewe kwa majina mengi ya kubuni ili anayeingia akute pana watu. Huffman mwenyewe amelisimulia hadharani. Sikufundishi udanganyifu, kwa sababu mtu wa Arusha akigundua sofa halipo atakufuata mpaka Sakina, ila ujue kwamba gari tupu liliwatesa hata wao.

Kosa lenu ni kwamba watu mia nne mmewatawanya kwenye magari arobaini. Mmoja yuko Njiro anatafuta chumba, wa pili Usa River anauza sofa, wa tatu Ngaramtoni anataka fundi wa paa. Hawahitajiani hawa. Facebook haikubandika vipeperushi Marekani nzima. Februari 2004 ilifunguliwa kwa Harvard peke yake, chuo kimoja, watu wanaoonana darasani na kwenye foleni ya chakula. Ndani ya mwezi mmoja zaidi ya nusu ya wanafunzi wa shahada ya kwanza walikuwa wameingia. Ndipo Machi wakawafungulia Columbia, Stanford na Yale. Mtu wa mtaani kama mimi tuliruhusiwa Septemba 2006. Walijaza gari moja, likaondoka, wakasogeza jingine.

Nililiona jambo hili kwa macho kabla sijalielewa. Kafe yangu ilikuwa na kompyuta nane, na Jumamosi zote zilishikwa na wanafunzi wa sekondari, kazi yao hi5, mtandao wa marafiki wa siku zile. Wao wanahesabu marafiki, mimi nahesabu dakika. Likizo moja akarudi binti aliyetangulia chuo Dar es Salaam, mmoja wa wale wasichana ambao wenzake humwiga mpaka kusuka. Akakaa kompyuta ya dirishani, akafungua Facebook. Wenzake wakajipanga nyuma yake. Jumamosi iliyofuata kompyuta nne zilikuwa Facebook, na haukupita muda hakuna aliyeniulizia hi5 tena. Sikuona tangazo, sikusikia kitu redioni. Walihama kama kundi la nyuki linaloandamana na malkia.

Tuje kwa huyo WhatsApp anayewanyima usingizi. BBM, huduma ya kuchati ya simu za BlackBerry, ilimtangulia kwa miaka minne, ilikuwepo tangu 2005. Mdogo wangu alikuwa na BlackBerry, na harusini alikuwa haombi namba, anaomba "pin" kwa sauti ili meza ya jirani isikie. Raha kwake. Ila mama yetu kule Kibosho alikuwa na Nokia, na Nokia haina pin. Wenye BBM waliifungia kwenye simu zao ili watu wazidi kuzinunua. Walipokubali kuwapa wa Android na iPhone ilikuwa Oktoba 2013, watu wameshapata pa kukaa. Mei 2019 BBM ya watu wa kawaida ikafungwa.

WhatsApp ya Jan Koum na Brian Acton ilianza 2009 kwa unyenyekevu. Ilikubali kukaa kwenye Nokia za kubonyeza, kwenye BlackBerry yenyewe, kwenye kila simu chakavu iliyoletwa mezani kwangu. Na haikukutuma utafute marafiki. Namba yako ndiyo ilikuwa jina lako, na majina uliyokwisha kuyahifadhi kwenye simu ndiyo yalikuwa marafiki zako. Siku unaiweka unamkuta shangazi, fundi cherehani na mwenye nyumba, wote wamo tayari. Hilo ni gari linaloingia stendi likiwa limejaa. Meseji ya kawaida nayo ilikuwa inakatwa moja moja, wakati bando la siku linabeba maongezi mpaka uchoke. Facebook ilipokubali kuinunua Februari 2014 kwa dola bilioni 19, ilikuwa na watumiaji zaidi ya milioni 450 na wafanyakazi 55. Hamsini na watano, mwanangu! Kosta mbili zinawatosha.

Usije ukadhani ni suala la mtaji. Google walikuwa na kila kitu walipoleta mtandao wao wa kijamii, Google+, Juni 2011. Mwaka 2013 wakafika mahali pa kumlazimisha anayetaka kutoa maoni YouTube awe na akaunti yake. Watu waliingia kama wanavyoingia stendi mpya iliyojengwa mbali na mji: gari linapita kugonga kadi, abiria wanasubiri kona ile ile ya zamani. Mwaka 2018 Google wenyewe walisema katika kila mara mia ilipofunguliwa, mara 90 hazikumaliza sekunde tano. Aprili 2019 wakafunga.

Sasa ufanyeje. Kwanza punguza. Umenihesabia mambo saba, mpira ukiwemo. Instagram ilitokana na programu iliyoitwa Burbn, imejaa mambo: kutaja ulipo, kupanga matembezi na marafiki, kuweka picha. Kevin Systrom na mwenzake wakaona watu wanapenda picha, wakakata mengine yote, wakatoka upya Oktoba 2010 na picha, maoni na kitufe cha kupenda.

Pili, tafuta watu wanaotafutana kila siku na wanaopata hasara wasipoonana. Ningekuwa mimi ningewaendea wakulima wa nyanya wa Ngarenanyuki na wanunuzi wa Kilombero. Nyanya haisubiri. Mkulima anataka kujua leo alfajiri tenga limekwendaje, kabla hajapakia. Atakuambia, "Mbona tuna grupu la WhatsApp?" Kweli wanalo, nami niko kwenye magrupu kama hayo. Bei ya asubuhi imefukiwa chini ya picha tisa za "asubuhi njema" zenye maua, pole za msiba, na video ya mchungaji. Hapo ndipo WhatsApp inapowachosha, na hapo ndipo penye nafasi yenu. Ukurasa mmoja: bei ya leo, nani ana tenga ngapi, nani ananunua. Mmoja wenu aamke saa kumi na moja aende Kilombero kuandika bei mwenyewe, kila siku, hata kama anayesoma ni mtu mmoja. Mkulima akikuta bei ya kweli siku tano mfululizo, ya sita ataifungua kabla hajanawa uso. Vyumba, sofa na mpira mtavirudisha wakulima hamsini wakishaanza kuwapigia simu kulalamika bei imechelewa.

Swali: Mimi ni katibu wa kwaya hapa Moshi. WhatsApp ilipozimika ile Jumatatu, tarehe 4 Oktoba 2021, niliwahamishia wanakwaya wote Telegram. Walikuja usiku ule ule, nikafurahi. Kufika Ijumaa nimebaki na mwalimu wa sauti tu. Kila mwaka najaribu tena, wanakataa. Telegram si bora?
*Katibu, Moshi*

Jibu: Katibu mwenzangu, maana na mimi niliwahi kubebeshwa ukatibu wa kikoba na nauelewa huo upweke. Siku ile ilizimika kwa saa sita hivi, pamoja na Facebook na Instagram. Pavel Durov wa Telegram alisema walipokea watumiaji wapya milioni 70. Lakini wengi walikuja kama watu wanaojikinga mvua barazani kwa jirani. Mvua ikikatika, hata uwe na kochi la namna gani, wanarudi kwao.

Wanakwaya wako hawakatai Telegram. Michango ya harusi iko WhatsApp, wajukuu wako WhatsApp, aliyekopa hela yuko WhatsApp na stetasi yake inafuatiliwa. Unataka mtu afungue nyumba ya pili kwa ajili ya mazoezi ya Jumatano? Acha maongezi yabaki yalipo. Telegram ifanye kabati la nota na rekodi, maana hapo mwanakwaya aliyejiunga jana unaweza kumwachia aone zote za nyuma bila kuomba atumiwe upya. Weka kiungo chake kwenye maelezo ya grupu la WhatsApp. Na ukitangaza mazoezi, usitangaze kotekote, utawazoesha uvivu.

Swali: Mama, mimi naweka video za mapishi TikTok, nipo Majengo. Kaka yangu anasema zamani kulikuwa na Vine ya video fupi vilevile na ikafa. Kwa nini ile ilikufa na hii ikapona? Nimekutumia video yangu ya mtori, uniambie ukweli.
*Binti wa Majengo, Moshi*

Jibu: Kaka yako ana kumbukumbu nzuri. Vine ilitoka Januari 2013, video za sekunde sita, mali ya Twitter. Ilipata wachekeshaji hodari, nao baada ya muda wakauliza: na sisi tunakula nini? Hawakupata jibu la maana. Instagram walikuwa wameshaleta video za sekunde 15 tangu Juni mwaka ule ule, YouTube wanalipa, wachekeshaji wakafungasha. Oktoba 2016 Twitter wakatangaza kuifunga. Makonda wakishuka, abiria hawakai.

TikTok ya kampuni ya Kichina ByteDance ilikuja na njia nyingine. Waliinunua Musical.ly, programu ya video za kuimba, mwishoni mwa 2017, na Agosti 2018 wakaziunganisha, kwa hiyo waliwarithi vijana waliokuwa wameshazoea kuimbia kamera. Lakini kubwa zaidi, haikusubiri uwe na marafiki. Unaifungua hujui mtu, inakupa video, inaangalia ulipokazia macho, inakuongezea za namna hiyo. Yale yote niliyomwandikia kijana wa Sakina kuhusu gari tupu, hawa waliyakwepa, kwa sababu abiria wao wa kwanza hana haja ya kumkuta mwenzake. Kwako wewe maana yake ni kwamba ukiwa na wafuasi kumi video inaweza kumfikia mtu wa Mbeya, asipokupita katika sekunde mbili za mwanzo.

Sasa huo mtori. Nimeutazama mara mbili, ya kwanza nilikupita na mimi. Unamenya ndizi dakika nzima, kisu butu, sura haionekani. Anza na sufuria likiwa jikoni, ndizi na nyama vimeshaiva, unasonga. Mwiko ule unavyozama ndio watu wanautaka. Na punguza muziki, nataka kusikia unavyochemka.