Waifai imejaa, kurasa hazifunguki: kabla hujanunua rauta

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina kompyuta ya mezani hapa Jinja, watoto huifanyia kazi za shule. Tangu umeme uliporudi Jumanne usiku, alama ya waifai imejaa na inasema imeunganishwa, lakini Google haifunguki, YouTube haifunguki. Inaleta ukurasa wenye alama nyekundu unaosema muunganisho si salama. Simu yangu na ya baba watoto, kwa waifai hiyohiyo, hazina shida. Kijana wa jirani ameifuta waifai na kuiunganisha upya mara tatu. Fundi wa mjini anasema rauta imekufa, ninunue nyingine. Ninunue? Halafu samahani, tarehe pale chini inasema 2018, lakini hiyo tumeizoea. Mwanangu mkubwa alikuwa akiirekebisha kila akiiwasha, sasa yuko bodingi.
(Mama wa watatu, Jinja)

JIBU: Usinunue, mama. Rauta ikifa haichagui, hata simu zingelia. Simu mbili zikipata intaneti na kompyuta ikakosa, kwa waifai ileile, ugonjwa uko ndani ya kompyuta. Na ugonjwa wenyewe umeshautaja mwishoni, tena ukauombea samahani.

Tovuti karibu zote siku hizi huja na cheti cha kuthibitisha kwamba ni zenyewe. Cheti hicho kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na muda wake ni mfupi: Septemba 2020 vivinjari vikubwa (programu za kufungulia kurasa, kama Chrome) vilianza kukataa cheti kipya kinachozidi siku 398, na vyeti vingi hutolewa kwa siku 90 tu. Sasa kompyuta yako inaamini tuko 2018. Google inailetea cheti cha mwaka huu, nayo inakitazama kama karani aliyeletewa hati yenye tarehe ambayo haijafika, inakirudisha. Waifai yenyewe haiulizi tarehe, inauliza nywila tu, ndiyo maana alama imejaa. Simu nazo huchukua saa kutoka kwenye mtandao, kwa hiyo hazipotei.

Hakikisha kwanza. Kwenye ule ukurasa wa alama nyekundu tafuta maandishi madogo yanayoanza na NET. Ukisoma NET::ERR_CERT_DATE_INVALID, tumemaliza kubishana na yule fundi.

Bonyeza saa iliyo pembeni chini kwa kitufe cha kulia cha mausi, ufungue mipangilio ya tarehe. Anza na ukanda wa saa. Kampala hutaiona kwenye orodha ya Windows, chagua Nairobi, UTC+03:00, ni saa yetu hiyohiyo. Usiliruke hili, maana kompyuta nyingi za mitumba hufika na ukanda wa nchi zilikotoka, na ukiweka saa sahihi juu ya ukanda usio sahihi, ndani bado inakuwa imepotoka. Kisha weka mwaka, mwezi na siku kwa mkono. Kwenye saa kuwa mwangalifu: saa nane mchana yetu ni 14:00 yake. Nimeshakuta mzee mmoja aliyeweka 8:00 mchana kweupe, akashangaa kompyuta inasema ni asubuhi. Ukimaliza, ndipo ubonyeze kile kitufe cha kuoanisha saa na intaneti. Ukikitegemea chenyewe tangu mwanzo mara nyingi kitakuangusha, kwa sababu saa ikiwa imepotoka kwa miaka, Windows hukataa kuruka umbali huo yenyewe.

Kurasa zitafunguka. Lakini kesho umeme ukikatika, mtarudi 2018.

Kinachotunza saa wakati umeme haupo ni betri ndogo ya duara, kama sarafu, iliyo kwenye ubao mkubwa ndani ya lile boksi tunaloliita CPU. Imeandikwa CR2032, ni ya volti 3. Umeme ukiwepo, saa hula umeme wa soketi. Usipokuwepo, hula betri. Na wengi wetu huzima hadi ukutani ili Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, isiishe haraka, hivyo betri hufanya kazi kila usiku. Ikifika miaka kadhaa, huchoka. Muulize hata fundi wa saa za mkononi, mara nyingi anayo. Mimi ya mwisho niliinunua kwa bei ya rolex mbili, zile chapati za mayai.

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Fungua ubavu wa boksi kwa bisibisi. Betri imeshikwa na kichuma kidogo pembeni. Kisukume kwa kucha, itajiinua yenyewe. Weka mpya, upande wenye maandishi na alama ya + ukutazame wewe. Ukiwasha inaweza kukusimamisha kwenye skrini ya BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka) ikidai tarehe. Iweke, hifadhi, endelea.

Tarehe ikiwa sahihi na bado kurasa zinagoma, katika nyumba za Uganda swali langu ni moja: nani aliweka VPN, zile programu za kupitisha intaneti njia ya mzunguko ili kukwepa vizuizi? Mazoea hayo yalikuja na ile kodi ya mitandao ya kijamii ya mwaka 2018, shilingi 200 kwa siku, yakakolea Facebook ilipofungwa Januari 2021, na vijana wameziweka mpaka kwenye kompyuta za shule. Nyingine zikiondolewa vibaya huacha anwani ya proksi (kompyuta ya kati ya kupitishia intaneti) ambayo haipo tena, na kila ombi lako hupelekwa kwenye nyumba iliyohamwa. Fungua mipangilio ya mtandao, ingia kwenye proksi, uizime.

Rauta nitaanza kuishuku siku ukiandika ipconfig kwenye kile kidirisha cheusi cha amri (Command Prompt), ukaona anwani inayoanza na 169.254. Maana yake kompyuta iliomba anwani, ikasubiri, hakuna aliyeipa. Hata hapo, zima rauta dakika moja na uiwashe tena kabla ya kugusa pochi.

Ikishindikana yote, niandikie maandishi ya ukurasa ule kama yalivyo, herufi kwa herufi, pamoja na tarehe utakayoiona pale chini.