Mrithi wa dojo hatafutwi siku ya msiba

Walimu wenzangu wa karate wakishaanza kulalamikia magoti, huniuliza swali lile lile: dojo, yaani ukumbi wangu wa mazoezi, nimwachie nani? Mimi nafundisha Goju-ryu, mtindo wa karate uliotoka Okinawa, Japani, na jibu langu huwa haliwafurahishi. Usimwachie mtu mmoja. Anza kuigawa kazi ya kufundisha sasa hivi, ungali na pumzi ya kumwita aliyekosea ukamwelekeza. Ukishafukiwa, watabaki kubishana tu.

Sisi wa Goju-ryu hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Chojun Miyagi, aliyezaliwa Naha, Okinawa, mwaka 1888, alichukua aliyojifunza kwa mwalimu wake Kanryo Higaonna akayapanga mpaka yakawa mtindo wenye jina. Mwanafunzi aliyetazamiwa kumrithi alikuwa Jin'an Shinzato. Vita vya Okinawa vya 1945 vikamchukua. Miyagi naye akafariki mwaka 1953 bila kumtangaza mrithi hadharani. Mtindo ungeweza kufia pale pale. Haukufa, kwa sababu ujuzi ulikuwa umeshatapakaa. Seko Higa, Meitoku Yagi, Seikichi Toguchi na Eiichi Miyazato, kila mmoja alikuwa na alichopokea, na kila mmoja akaendelea kufundisha. Hasara yake nayo tunaijua: leo wakutanishe wa Jundokan, shule ya Miyazato, na wa Meibukan, shule ya Yagi, kwenye kata ile ile (mfuatano uliopangwa wa hatua na mapigo) watabishana mkono upite wapi mpaka giza liingie. Mimi naona tumelipa bei nafuu sana.

Hapa kwetu Goju-ryu ilishika mizizi Dar es Salaam miaka ya 1970 kupitia Sensei Nantambu Camara Bomani, Mmarekani Mweusi, kwenye dojo ya Zanaki. Wengi tunaovaa gi, sare ya karate, leo hatukufundishwa naye. Tumefundishwa na waliofundishwa naye, au na wanafunzi wa hao. Kwa hiyo hata ukijiona mwalimu mkuu wa mtaa mzima, wewe ni kituo cha njiani tu.

Sasa, unagawaje? Kwangu mwanafunzi hangoji mkanda mweusi ndipo afundishe. Akifika mkanda wa kijani nampa watoto wachache na kazi moja: wafikishe mwanzo wa Gekisai Dai Ichi, kata ya wanaoanza. Kata hiyo Miyagi aliitunga mwaka 1940 akiwafikiria vijana na wanafunzi wa shule, ndiyo maana ngumi na teke zake ziko wazi, hazikuchanganyi. Mimi nakaa pembeni. Hata akikosea simkatizi mbele ya watoto. Namwita baadaye, tunazungumza wawili.

Kuna jioni binti mmoja wa mkanda wa kijani alikuwa anawapigisha ngumi watoto, mmoja akamuuliza: "Dada, huu mkono mwingine unarudi kiunoni kufanya nini?" Akanigeukia. Nikajifanya nafunga kamba ya suruali. Akasimama kidogo, kisha akamshika mtoto kifundo cha mkono, akauvuta mpaka kiunoni kwake. Mtoto akayumba mbele, kidevu kikaja chenyewe kwenye ngumi ya pili, ambayo aliisimamisha karibu kabisa na uso. Watoto wakapiga kelele, wote wakataka kuvutwa. Yule binti alikuwa ameurudisha ule mkono kiunoni tangu siku yake ya kwanza kwa sababu nilimwambia aurudishe. Jioni ile ndipo ulipokuwa wake. Mtihani wangu wa mkanda usingemfikisha pale.

Kata ya Sanchin ni habari nyingine, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Siku hizi vijana wanajifunza kata kwenye simu, na kwa kukumbuka mfuatano wa hatua sina ugomvi nao. Lakini Sanchin kwa macho inaonekana kama mtu anatembea polepole huku anapumua kwa sauti, basi. Mambo yenyewe yako ndani: vidole vya miguu vinashika sakafu, nyonga imekunjwa kwa mbele, mabega yameshushwa, ile misuli ya chini ya kwapa imekaza huku shingo imelegea. Mwalimu anayajua hayo kwa kiganja. Anagusa bega, anashuka ubavuni, anasukuma tumbo kidogo, anakanyaga nyuma ya kisigino kuona kama mguu umesimama kweli. Kwa hiyo usimfundishe msaidizi wako kuicheza tu, mfundishe na kukagua. Weka mkono wake juu ya mkono wako ukiwa unakagua, ahisi bega lililokaza na lililolegea yana tofauti gani. Mkishafanya hivyo, mpishe akukague wewe. Na mwombe mwanafunzi ruhusa kabla ya kumgusa, mtoto mweleze mzazi wake kwanza. Wapo walimu wanaodhani kukagua Sanchin ni kumtandika mtu mgongoni mpaka awe mwekundu. Hao wanarithisha woga, na wanafunzi wao hawadumu.

Vifaa navyo virithishwe kwa kutengeneza. Chishi, uzito wa kuimarishia mikono, ni mti uliosimikwa kwenye saruji, kopo la rangi linatosha kuwa kalibu yake. Kila kundi linalopanda mkanda kwangu linamwaga chishi zake lenyewe, kwa hiyo hakuna anayeniambia mazoezi yamekwama kwa kukosa vifaa kutoka nje.

Halafu kuna daftari, jambo ambalo walimu wengi hawalipendi. Andika nani alipanda mkanda lini, nani walimtahini, na kata gani ameruhusiwa kufundisha. Kata za Goju-ryu ni kumi na mbili tu ukihesabu Gekisai zote mbili, Sanchin na Tensho, hazijazi ukurasa. Mikanda isiyoandikwa popote ndiyo inayozaa makundi mawili mwalimu akishaondoka, kila moja na muhuri wake. Mpe nakala ya daftari mwanafunzi mkuu, na nyingine mtu asiyependa ugomvi. Wasaidizi wako nao wape nauli kutoka kwenye ada. Kijana hawezi kukufundishia watoto kila wiki huku anatembea kwa miguu kurudi Mbagala.

La mwisho ni wale wanaoondoka. Kijana uliyemlea amepata kazi Mwanza au Dodoma, na moyo unauma, najua. Usinune. Kabla hajapanda basi pitia naye kata alizoruhusiwa, mwambie waziwazi ipi bado, mpe nakala ya ukurasa wake. Akifungua darasa huko usimdai sehemu ya ada. Mdai akutumie picha ya daftari lake kila wanapotahiniwa, na wewe umtumie la kwako.