Unagombea udiwani? Kabla ya kuahidi lami, ulizia barabara ni ya nani

Kila msimu wa kampeni, kata za mijini Tanzania husikia ahadi zilezile tatu: lami, taa na daladala. Mgombea hushangiliwa, hushinda, kisha miezi sita baadaye hugundua kwamba kati ya vitu hivyo vitatu hakuna hata kimoja kinachotoka moja kwa moja kwenye ofisi ya diwani. Diwani hana fungu la barabara. Alicho nacho ni kiti katika Baraza la Madiwani, uenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata (ile WDC) na sauti ambayo watendaji wanalazimika kuisikiliza ikiwa imeandikwa kwenye muhtasari. Hivyo si vidogo, lakini vinahitaji ahadi za aina nyingine.

Anza na orodha ya barabara za kata yako. Chukua daftari, tembea kata nzima kwa miguu, na kila barabara iandikie jina, inapoanzia, inapoishia, urefu wake kwa makadirio, na mahali maji yanapokata. Kisha nenda kwa meneja wa wilaya wa TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini) ukaulize mambo mawili: barabara hii ni ya nani, na je, imesajiliwa kwenye mfumo wao? Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, yaani Wakala wa Barabara Tanzania. Zile za wilaya, yaani za mkusanyo, za mlisho na za jamii, ziko chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017 na kuchukua kazi iliyokuwa ya wahandisi wa halmashauri. Madiwani wengi bado wanazungumza kana kwamba mhandisi wa barabara ni mtu wa mkurugenzi. Siyo. Meneja wa TARURA anawajibika kwa wakala wake chini ya TAMISEMI (ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), ingawa hufika barazani kutoa taarifa na kupokea vipaumbele. Ukimfokea barazani kama mtumishi wako utapata makofi ya siku hiyo. Ukimpelekea orodha yenye urefu, picha na muhtasari wa kikao, barabara yako ina nafasi nzuri zaidi ya kuingia kwenye mpango.

Swali la usajili ndilo linalosahaulika zaidi. Mitaa mingi ya pembezoni imejengwa kabla ya kupimwa, na njia ambayo wananchi wanaiita barabara kwa miaka ishirini inaweza kuwa haipo kwenye kumbukumbu yoyote. Njia isiyosajiliwa haitengewi fedha za matengenezo, hata ipite bodaboda elfu kwa siku. Kwa njia kama hiyo, ahadi ya kweli ni kuisajili kwanza: mkutano wa mtaa ukubali upana, wenye nyumba na kuta zilizoingia njiani wakubaliane kwa maandishi, WDC ipitishe, ndipo maombi yaende TARURA. Kazi hii haina ngoma wala utepe wa kukata, na ndiyo maana wagombea wengi huiruka.

Sasa kifusi, maana hapa ndipo wananchi hudanganywa kwa urahisi zaidi. Barabara ya upana wa mita 5, ikiwekwa changarawe ya unene wa sentimita 15 iliyoshindiliwa, hula mita za ujazo 750 kwa kila kilomita. Kifusi kikiwa kwenye lori kimefumuka, kwa hiyo utahitaji kama mita za ujazo 950 hadi 1,000. Kwa lori la mita za ujazo 10, hizo ni safari zipatazo 100. Mgombea anayetamba jukwaani kwamba atamwaga "lori kumi" kwenye barabara ya kilomita moja ametengeneza mita 100, na mita 900 zilizobaki zina tope kama zamani. Tena kumwaga kifusi kwa fedha zako katikati ya kampeni ni hatari: chini ya Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010, vitu vinavyotolewa kuwashawishi wapigakura vinaweza kukufikisha pabaya.

Hata kifusi kikitosha, barabara hufa kwa sababu ya maji. Greda likipita bila mashine ya kushindilia, na bila kuacha mgongo katikati, masika ya kwanza hubeba kila kitu. Kwa barabara ya mita 5, katikati pawe juu ya kingo kwa sentimita 12 hivi ili maji yamwagikie mitaroni pande zote mbili. Greda likichonga mara nyingi bila kuongeza changarawe, barabara hushuka chini kuliko viwanja vya jirani na kugeuka mto. Ukikuta nyumba zina ngazi za kushukia barabarani, tambua kwamba hapo kuchonga tena ni kuharibu. Hapo panahitaji kujaza, au mtaro wa zege wenye pa kutolea maji.

Mtaro hujengwa kuanzia chini kwenda juu, yaani kutoka maji yanapoishia kurudi yanapoanzia. Ukianza juu kwa sababu ndiko kwenye wapigakura wengi, unakusanya maji ya mtaa mmoja na kuyamimina sebuleni kwa mtaa wa pili, na kesi utakayoipata haitaisha kipindi chako chote. Karavati la kipenyo kidogo huziba kwa chupa na mifuko. Chini ya milimita 600 usikubali penye takataka nyingi, na penye mkondo mkubwa muulize mhandisi kuhusu 900 au karavati boksi. Adui mwingine ni vivuko vya mageti: kila mwenye gari huweka bomba la inchi nne au sita mtaroni, anamwaga zege juu, na mvua ya kwanza mtaro mzima unarudi barabarani. Jambo hili liko ndani ya uwezo wa mtaa. Mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wanaweza kusimamia kwamba kivuko kiwe na slabu inayoondoleka, iliyo na upana wa mtaro wote. Halmashauri ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, na diwani ndiye mwenye kura ya kuzipitisha.

Piga picha wakati mvua inanyesha. Picha ya kiangazi inaonyesha vumbi tu, haimshawishi mtu.

Kalenda ya bajeti ni jambo linaloamua zaidi kuliko ufasaha. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mapendekezo hutoka kwenye mitaa, yanapita WDC, yanafika kwenye kamati za kudumu, kisha Baraza la Madiwani hupitisha rasimu kwa kawaida kati ya Januari na Februari, ndipo inakwenda mkoani, TAMISEMI na Bungeni. Uchaguzi mkuu hufanyika Oktoba. Kwa hiyo diwani mpya huapishwa mwishoni mwa mwaka, wakati bajeti inayotekelezwa ilipitishwa na baraza lililovunjwa, na ile inayofuata imeanza kuandikwa bila yeye. Ana wiki chache tu za kupenyeza barabara moja au mbili. Ndiyo maana orodha ya barabara inatakiwa iwe tayari kabla ya kura na si baada yake, na muhtasari wa mkutano wa mtaa unaounga mkono barabara hizo uwe umeshasainiwa. Na ndiyo maana ahadi ya "lami mwaka wa kwanza" ni ya mtu asiyejua kalenda.

Hata fedha zikipitishwa, zabuni hupita kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa mtandaoni, mkandarasi anapatikana baada ya miezi, na mara nyingi anaingia kazini Oktoba au Novemba, vuli ikiwa imeanza. Waambie wananchi hilo mapema. Barazani uliza kwa tarehe: zabuni imetangazwa lini, mkataba umesainiwa lini, mwisho wa mkataba ni lini, muda wa uangalizi wa kasoro ni miezi mingapi. Swali hilo la mwisho ni tamu, kwa sababu barabara inayobomoka ndani ya muda huo hurekebishwa na mkandarasi kwa gharama yake, mradi mtu akumbuke kuandika barua kabla muda haujapita.

Lami nayo iulize kwa jina. Lami nyepesi (tabaka jembamba la lami na kokoto) si lami ya zege (kokoto na lami vilivyochanganywa na kushindiliwa kwa unene), na penye malori ya mchanga yanayopita kila siku, nyepesi haitamaliza miaka. Kwenye kilima kifupi kinachoteleza, zege au mawe ya kupanga kwa mita 80 huleta nafuu kubwa kuliko kusubiri lami ya kilomita mbili. Mgombea anayesema "nitapigania mlima ule upate zege" amesema jambo linaloweza kupimwa.

Kuhusu taa sina mengi. Kabla ya kuahidi, ujue nani atalipa umeme na nani atabadilisha taa ikiungua. Za sola zinaibwa betri, kwa hiyo ulizia betri imefungwa wapi.

Usafiri. Ruti za daladala na nauli hupangwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 kuchukua nafasi ya SUMATRA. Diwani hapangi nauli, na akiahidi kuishusha anajidhalilisha. Anachoweza ni kupeleka ushahidi. Waweke vijana wawili kituoni siku tatu za kawaida, Jumanne hadi Alhamisi, kuanzia saa 12 hadi saa 3 asubuhi, na tena saa 10 jioni hadi saa 2 usiku. Kila baada ya dakika 15 waandike watu waliosubiri, daladala zilizopita zikiwa zimejaa, na zilizogeuza kabla ya kufika mwisho wa ruti. Hilo la mwisho, kukatisha ruti, ndilo linalowaumiza watu wa pembezoni: mama anashushwa njiani, analipa nauli ya pili, na kwenye karatasi ruti ipo. Usisahau namba za usajili, saa na mahali. Malalamiko ya jumla kwamba "daladala wanatusumbua" hayana pa kushikwa, lakini namba 20 za magari zina wenye leseni nyuma yake. Ukiomba ruti mpya, ambatisha hali ya barabara pia, maana mwenye gari hatapeleka chombo chake kwenye mashimo hata apewe leseni bure.

Bodaboda na bajaji wana viongozi wao kwenye kila kijiwe. Zungumza nao kabla ya mkutano wa hadhara, si kwenye mkutano wenyewe. Kijiwe kilichokaa kwenye kona huziba macho ya madereva, kwa hiyo kisogezwe walau mita 20 kutoka makutano, lakini kisisogezwe mbali na abiria, la sivyo watarudi palepale ndani ya wiki. Matuta ya kienyeji ambayo wakazi hujenga kwa saruji baada ya mtoto kugongwa yanaeleweka kibinadamu, ila hayana alama, yanaangusha pikipiki usiku na kuzuia maji. Andika maombi kwa TARURA au TANROADS, kutegemea barabara ni ya nani, ukiambatisha taarifa ya polisi ya ajali kama ipo.

Mipango miji imebaki, na hapa kuna mitego miwili. Wa kwanza ni eneo la wazi. Halmashauri ndiyo mamlaka ya upangaji chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007, na mchoro wa eneo lako upo ofisi ya ardhi. Omba kuuona, andika namba ya mchoro, kisha nenda uwanjani uhakiki. Ukikuta uzio kwenye uwanja wa watoto, usiongoze wananchi kuubomoa. Anayemiliki kwa hila atashinda kwa kosa lenu la jinai. Peleka hoja kwenye Kamati ya Mipango Miji na Mazingira ukiwa na nakala ya mchoro. Tangazo la kubadili matumizi ya kiwanja likibandikwa, soma siku ya mwisho ya pingamizi siku hiyohiyo. Wananchi wengi huja na hasira nzuri wiki moja baada ya muda kwisha.

Mtego wa pili ni alama ya X inayochorwa kwenye nyumba zilizo ndani ya hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili ya barabara. Hifadhi ya barabara kuu na za mikoa ilipanuliwa na Sheria ya Barabara ya 2007 kutoka mita 45 hadi 60, yaani kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. X nyekundu iliwekwa kwa walioingia ndani ya hifadhi ya zamani, ambao hawana fidia. X ya kijani ni ya wale ambao hifadhi iliwafuata walipokuwa wameshajenga, na hao wana haki ya fidia. Ukisimama jukwaani ukasema "wote mtalipwa", kuna watu watakopa kwa maneno yako. Pita nyumba kwa nyumba na futi kamba, pima kutoka katikati ya barabara hadi ukutani, andika rangi ya alama, na umwambie kila mwenye nyumba asitupe hati ya mauziano, stakabadhi wala picha ya jengo yenye tarehe.