Hatua mbili za parseli: jibu kwa aliyeuliza kuhusu mtu mwema asiyesafishwa moyo

Ndugu uliyeuliza, unasema jirani yako hanywi, haibi, kwenye matanga ndiye wa kwanza kufika, na bado mchungaji wenu anahubiri kwamba wema huo ni bure kama moyo haujasafishwa. Unataka kujua hasara iko wapi. Ya jirani yako siyajui. Nitakuambia yangu, mimi niliyekuwa shemasi hapa Goma, mashariki mwa Kongo, kwa miaka mingi.

Kwanza tazama bidoni ya lita 20 ya kuchotea maji ya ziwa. Nje unaisugua kwa mchanga mpaka inang'aa. Ndani inaota utelezi wa kijani. Wakati wa kipindupindu nimewaona vijana wa dawa ufukweni wakitia klorini kwa bomba la sindano, bidoni moja baada ya nyingine. Dawa ikikuta ule utelezi, nguvu yake inaishia humo humo, maji yanabaki ya mashaka. Kwa hiyo mama wa nyumbani anatia changarawe na sabuni, anafunga kifuniko, anatikisa mpaka mabega yanamuuma. Katika Mathayo 23:26 Yesu alitumia mfano wa kikombe: safisha kwanza ndani, ili nje nayo iwe safi. Wahubiri wengi hukata hiyo nusu ya pili.

Sasa yangu. Tarehe 17 Januari 2002 volkano yetu, Nyiragongo, ilipasuka, lava ikapita katikati ya mji hadi ziwani. Parseli yetu, yaani kiwanja chetu, ilifunikwa, na ya jirani yetu pia, mama mjane. Tuliporudi hapakuwa na ua, mti wala alama ya mpaka, ni mawe meusi tu. Mimi nilianza kujenga kabla yake. Nikapima kwa hatua, na nilipofika pale moyo wangu ulipojua ndipo, nikaongeza mbili. Hakuna aliyeona. Hatua mbili mjini si kidogo, ni chumba cha kupangisha.

Baada ya hapo ndipo nilipokuwa mtu mzuri sana. Sitanii. Hata bia ya harusini niliacha. Kese ya wanakwaya, yaani sanduku lao la fedha, niliishika miaka sita, haikupungua franka moja. Yule mama akiugua usiku, mimi ndiye niliyekimbia kumtafutia motari, mwenye pikipiki ya abiria. Na kila wema niliomtendea niliuhesabu, kama mtu anayelipa deni kidogo kidogo bila kumwambia mdai kwamba deni lipo.

Usiku wa 22 Mei 2021 mbingu ikawa nyekundu tena. Watu walijaa barabarani na magodoro kichwani, wengine wakielekea mpaka wa Rwanda, wengine mji wa Sake. Yule mama akanishika mkono: "Shemasi, utuombee." Nikaomba. Maneno ya sala hayajawahi kunipungukia. Lakini kichwani lilikuwemo wazo moja: lava ikifika, itafunika kila kitu, na hakuna atakayepima tena. Nikafurahi, ndugu yangu. Kwa pumzi moja, watu wanalia pembeni yangu, nilifurahi.

Lava ilisimama Buhene, pembeni mwa mji, kwetu haikufika. Nilichokiona ndani yangu usiku ule hakikuondoka.

Mama yangu mzazi alikuwa mtu wa ule uamsho wa Kikristo ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930. Kwao kuokoka bila kurudisha jembe la watu yalikuwa maneno matupu, na kutubu kulifanywa mbele ya watu, kwa sauti. Utotoni niliwaona washamba. Nilikwenda kwa yule mama baada ya mwezi mzima, maana niliogopa. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Baba, nilijua tangu mwaka ule. Hicho chumba chako kinakaa juu ya choo chetu cha zamani."

Alikuwa akiniita Shemasi miaka 19, anajua.

Chumba sasa ni chake, kodi anachukua yeye. Kodi za nyuma ninamlipa kidogo kidogo, safari hii kwa kuandikiana. Ushemasi niliuweka chini. Wazee walipendekeza tutangaze kwamba ni sababu za afya, nikakataa, na hilo liliwaudhi kuliko dhambi yenyewe.

Kwa hiyo usimwambie jirani yako kwamba wema wake ni bure. Yule mama alifika hospitali kwa pikipiki niliyomtafutia, na homa haikuuliza moyo wangu ukoje. Mimi wema wangu ulikuwa mahali pa kujifichia, na nilijificha vizuri hata nikakaribia kusahau ninachoficha. Kama wake ni hivyo au sivyo, anajua yeye na Mungu wake, si wewe wala mchungaji.

Mtoto mkubwa wa yule mama bado hanisalimii. Tunakutana bombani kila asubuhi, kila mtu na bidoni yake.