Nilienda kujifunza udongo, nikarudi na mikono safi

Mafunzo yangu ya kwanza ya ujenzi wa udongo yalikuwa ya siku tatu, kwenye kiwanja kimoja huko Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam. Jumapili jioni nikapanda daladala kurudi Gongo la Mboto, nikajitazama mikono. Rangi ya kucha niliyopaka Alhamisi ilikuwa haijabanduka hata kidole kimoja. Kwenye simu nilikuwa na picha zaidi ya mia moja, zote za mikono ya watu wengine.

Hakuna aliyenikataza kitu. Ndiyo maana nilichelewa kuelewa kilichonitokea. Nikishika beleshi, kaka mmoja anakuja mbio: "Dada, lete nikusaidie." Nikisogelea mashine ya kufyatulia tofali: "Hiyo nzito mama, utaumia bure." Fundi akitaka mtu wa kuandika vipimo, macho yote kwangu, eti nina mwandiko mzuri. Mara maji ya kunywa, mara daftari la mahudhurio, mara picha za kutuma kwenye grupu la WhatsApp. Kufikia siku ya tatu nilikuwa katibu, mpiga picha na mhudumu, na ada nililipa sawasawa na wao.

Baadaye nilirudia mafunzo kwingine, nikajenga chumba na sebule, na sasa mara kwa mara naitwa kusaidia kufundisha. Kwa hiyo ninayoyasema hapa nimeyaona nikiwa upande wa kujifunza na upande wa kufundisha, na upande wa kufundisha nako nimekosea.

Tuanze na uzito, kwa sababu ndiyo sababu inayotolewa kila mara. Ndoo ya maji ya lita 20 ina kilo 20. Wanawake wa Chanika, Kitunda, Mbagala, wanajitwika kichwani tangu wasichana, na hakuna anayekimbia kuwapokea. Tofali la udongo la kufungamana, yaani linaloingiana na mwenzake ukutani, lina kilo nane, tisa, kumi likiwa na maji. Pale saiti niliwahi kumwona mama kabeba ndoo ya maji kichwani toka kisimani, anaitua, anainama kuokota tofali, anaambiwa aliache, zito! Mimi mwenyewe nilicheka, kisha nikakasirika. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ni habari nyingine. Huo mtu yeyote asibebe peke yake, awe mwanamume au mwanamke, maana mgongo hauna jinsia. Pasua mfuko, gawa kwenye ndoo mbili tatu, kazi iendelee.

Halafu mashine. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, wale wa Mwenge, wameihimiza teknolojia hii ya tofali za kufungamana kwa miaka mingi. Babu wa mashine hizi za mkono ni CINVA-Ram, iliyobuniwa Bogotá, Kolombia, miaka ya 1950, ili watu wa kawaida waweze kujijengea. Yaani iliundwa kwa ajili ya watu wa nyumbani, siyo kwa wabeba vyuma. Sasa mbona kila mwanamke akijaribu inagoma? Nilichukua muda kulijua hili: mkono wa mashine ukigoma kushuka, mara nyingi udongo umezidi ndani ya kisanduku. Anayejaza ni kaka mmoja mwenye nguvu, anajaza mpaka pomoni kwa kuwa yeye anaweza kuulazimisha. Akija dada, mkono haushuki, watu wanasema "si nilikwambia". Punguza udongo kiganja kimoja, simama karibu, usivute kwa mabega, uweke uzito wa mwili wako juu ya ule mkono. Unashuka. Siku hizi anayefyatua ndiye anayejijazia mwenyewe, na kipimo ni kopo moja lililokatwa, si beleshi la kukadiria. Tofali zetu zimekuwa za kimo kimoja tangu hapo, jambo ambalo fundi yeyote aliyewahi kupanga mistari ya tofali isiyolingana atalifurahia kuliko maneno yangu yote haya.

Kuna kichekesho kingine. Katika mafunzo yaleyale ya Chanika, mshiriki mmoja alitangaza wakati wa chai kwamba ujenzi tangu enzi ni kazi ya wanaume. Mlinzi wa kiwanja, Mmasai, alikuwa amesimama na fimbo yake pembeni. Akauliza kwa upole: "Kwenu nani anajenga?" Kwao nyumba ya asili, enkaji, anajenga mwanamke: fito, udongo, samadi ya ng'ombe, vyote mikononi mwake. Mwenzetu akawa hana la kusema, akaongeza sukari.

Wala si lazima kwenda umasaini. Bibi yangu Rufiji hakuwahi kufunga fito, hiyo ilikuwa kazi ya babu na wajomba. Lakini kukandika ilikuwa yao wanawake: kuchagua udongo, kuulaza na maji usiku kucha, kuukanyaga, kuutia kiganjani na kuubamiza ukutani mpaka ushike. Bibi alikuwa anabana tonge la udongo, analiangusha, analitazama linavyovunjika. Miaka mingi baadaye mkufunzi akatufundisha jambo lilelile kwa ajili ya tofali: bana donge, liachie toka usawa wa bega lianguke kwenye ardhi ngumu, likisambaratika kuwa vumbi, maji hayatoshi, likibaki zima au likibandika kama chapati, maji yamezidi, likivunjika vipande vinne vitano, fyatua. Mkufunzi aliita kipimo. Cha bibi kilikuwa hakina jina.

Kwa hiyo saa ya kwanza ya mafunzo naianzia hapo. Kila mtu apewe udongo mkononi, wote kwa pamoja, kabla chombo chochote hakijatolewa. Siulizi nani ana uzoefu wa ujenzi. Nauliza nani amewahi kukandika, kufinyanga chungu, kujenga jiko la udongo, kuziba ukuta uliobomolewa na masika. Mikono inayonyooka kwa swali hili si ileile inayonyooka kwa swali la kwanza, na chumba kinabadilika.

Kisha natoa sharti moja: chombo hakichukuliwi mkononi mwa mtu. Ukitaka kusaidia, sema kwa mdomo. Mwiko, timazi, pima maji, vyote vinahama kwa zamu, na zamu imeandikwa ukutani kwa makaa. Mtu anayekosea kwa dakika kumi anajifunza. Mtu anayetazama mwenzake akifanya vizuri kwa siku tatu anarudi na picha, kama mimi. Wanaume wengi wanaonyang'anya hawana nia mbaya. Wamelelewa wasimwache mwanamke ahangaike mbele yao, na ukiwaambia sababu wanaelewa haraka.

Nami nimenyang'anya. Mwezi uliopita kijana wa kama miaka ishirini na mbili alikuwa anatapatapa na mwiko, chokaa inamwangukia miguuni, na jua linazama. Nikamtoa mwiko mkononi nikamalizia mwenyewe. Hakusema neno. Kesho yake hakuja. Nilikuja kuambiwa kwamba alikuwa hajawahi kushika mwiko maishani, ila siku ya kwanza watu walimwita "fundi" kwa sababu tu ni mwanamume, akaona aibu kukana. Hili hatulizungumzi vya kutosha. Dada asiyejua anaelekezwa mpaka anachoka kuelekezwa. Kijana asiyejua anaachiwa mashine, anafyatua tofali mabichi mabichi yanayobomoka, na hana pa kuuliza. Sasa tunawaonyesha wote kuanzia namna ya kushika mpini, hata mwenye miaka thelathini kazini.

Mwenye miaka thelathini kazini ana taratibu zake, lakini. Usimkosoe mzee mbele ya watu, hasa ukiwa binti wa umri wa mwanawe. Mimi naanza na shikamoo, namwomba atuonyeshe kona anavyoisimamisha, kisha namwomba amsimamie mshiriki mmoja huku yeye mzee ameweka mikono yake nyuma. Hiyo ya mikono nyuma inamtesa sana, lakini akishakubali mbele ya watu hairudishi.

Wanawake peke yao je? Zamani nilipinga, nikiona ni kujitenga. Nimelegea kidogo. Ijumaa mchana tunakaa saa mbili tatu na mashine, wanawake tu, kila mmoja afyatue tofali zake za mwanzo bila wa kumwonea huruma. Jumamosi tunachanganyika. Mafunzo yote yakiwa ya wanawake tupu, mtu anarudi kiwanjani kwake anakuta fundi na saidia fundi ni wanaume, na hajawahi kufanya mazoezi ya kusema, "Asante kaka, niachie nimalize." Sentensi hiyo tunaifanyia mazoezi kwa sauti. Watu wanacheka, lakini inatumika.

Kuna mambo madogo yanayoamua nani atarudi siku ya pili. Choo chenye mlango unaofungwa na maji. Kuanza saa tatu, maana mwenye watoto hawezi kufika Chanika saa moja asubuhi. Kivuli cha kulaza mtoto. Mama lishe alipwe, asitafutwe miongoni mwa washiriki. Suruali ndani, khanga juu, mtu achague mwenyewe, ila waandaaji waseme mapema kuwa tope litakanyagwa kwa miguu. Na hapo kwenye kukanyaga, ukisikia neno moja kuhusu mapaja ya mtu aliyepandisha khanga, lizungumze palepale, kwa jina la aliyelisema. Usingoje jioni. Mwaka juzi tulingoja jioni kwa kuogopa kuharibu siku, na dada wawili walikuwa wameshapanda bodaboda.

Daftari nalo linahama kwa zamu siku hizi. La mara ya mwisho aliliandika kaka mmoja mpole kutoka Kigamboni, mwandiko kama kuku amepita. Vipimo vya dirisha la nyuma hatujavisoma mpaka leo, tumekwenda kupima upya.