Mvinyo mwekundu na jibini laini: ulimi wako ni mzima, mkuu

Mkuu, umesema umenunua chupa tatu za mvinyo mwekundu kwa nyakati tofauti, ukazionja pamoja na jibini laini yenye ganda jeupe, na zote tatu zimekuachia uchungu kama vile umelamba chuma. Unauliza kama ulimi wako ndio wenye kasoro, au chupa ulizochagua ni za bei ndogo mno, au habari yote ya mvinyo na jibini ni maneno matupu. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu njia hiyo nimeipita mwenyewe, na karibu miaka miwili nilimeza uchungu huohuo nikidhani ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Ulimi wako hauna shida. Shida ni yale mazoea ya kusema "mvinyo na jibini" na watu wote kuelewa mvinyo mwekundu.

Usiku ulionifungua macho nilikuwa na mvinyo mwekundu mchanga wa Cabernet Sauvignon, na kipande cha Brie, jibini laini yenye ganda jeupe kama hiyo yako, kilichoiva mpaka kikaanza kulegea na kumwagika pembeni mwa sahani. Nilipiga funda moja la mvinyo kabla ya kula chochote, nao ulikuwa mzuri: tunda jeusi, harufu kidogo ya mbao, ukali wa kupendeza. Nikala Brie na ganda lake, nikarudi kwenye glasi. Tunda lote lilikuwa limetoweka. Kilichobaki ni ukavu kwenye fizi na ladha ya sarafu iliyowekwa chini ya ulimi. Nikasukutua kinywa kwa maji, nikasubiri kidogo, kisha nikachukua kisu na kukwangua lile ganda lote, nikala nyama ya ndani peke yake. Safari hii ladha ya chuma ilipungua sana. Haikuisha, lakini ilipungua kiasi kwamba ningeweza kuendelea kunywa. Nilirudia mara tatu, na ganda, bila ganda, na ganda, na kila mara jibu likawa lilelile.

Sababu yenyewe si ngumu. Mvinyo mwekundu hukaa na maganda na mbegu za zabibu wakati unachacha, na kutoka humo hupata tanini. Mapipa ya mwaloni huongeza nyingine. Tanini hushikamana na protini zilizomo kwenye mate, mate yakapoteza ule utelezi wake, ndipo kinywa kinakauka na kujikunja. Sisi tunalo neno la hali hiyo toka zamani: ukakasi. Ndizi mbichi ina ukakasi, chai iliyoachwa na majani yake mpaka ikapoa ina ukakasi. Nalipenda sana neno hili. Upande wa pili, ganda jeupe la Brie au Camembert ni ukungu ulio hai, Penicillium camemberti, na jibini ikizidi kuiva ganda hutoa harufu ya amonia na uchungu wake. Ukakasi wa mvinyo mchanga ukikutana na uchungu huo, kila kimoja kinamchochea mwenzake.

Hata pale ambapo hakuna uchungu, mvinyo mwekundu ndio hupata hasara. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha matokeo ya jaribio la kuonja mvinyo mwekundu wa aina mbalimbali baada ya kula jibini za aina mbalimbali. Jibini ilipunguza karibu kila kitu walichokuwa wakikipima: harufu ya matunda, harufu ya mwaloni, uchachu, ukakasi. Kilichoongezeka ni harufu ya siagi tu. Kwa hiyo kama umehifadhi chupa nzuri ya mwekundu kwa siku maalumu, inywe na chakula, na jibini ije baadaye ikiwa na mwenzake anayeifaa.

Mwenzake huyo, mara nyingi, ni mweupe. Nilichelewa sana kuamini jambo hili kwa sababu niliuona mvinyo mweupe kama kinywaji cha utangulizi. Jaribu jibini changa ya maziwa ya mbuzi na Sauvignon Blanc. Katika bonde la mto Loire huko Ufaransa, mvinyo wa Sancerre unatoka kwenye vilima vilevile vinavyozunguka kijiji cha Chavignol, na kijiji hicho ndicho kilichoipa jina jibini ndogo ya mbuzi, Crottin de Chavignol. Jibini ya mbuzi ina uchachu, mvinyo nao una uchachu, na ungetegemea kinywa kiungue. Badala yake uchachu wa jibini unaufanya mvinyo uonekane laini, harufu ya majani mabichi na ndimu inatokeza mbele, na ule mkamato wa jibini kwenye kaakaa unasafishwa kila unapomeza. Ile Brie yako nayo, ipe mvinyo wenye povu, ule mkavu usio na sukari nyingi. Povu na uchachu hukwangua mafuta, ulimi ukabaki safi kupokea kipande kinachofuata.

Sasa nikuambie kuhusu Roquefort, jibini ya bluu ya Ufaransa, na Sauternes, mvinyo mtamu wa hukohuko, kwa sababu hapo ndipo mimi niliacha kuwa mtu wa kujaribu na kuwa mtu wa kupenda.

Nilikuwa siipendi jibini ya bluu. Chumvi nyingi, ukali unaopanda puani, na ile mishipa ya bluu ilinikumbusha mkate ulioharibika. Kwa Roquefort hisia hiyo haiko mbali na ukweli, kwa sababu ukungu wake, Penicillium roqueforti, kwa desturi hukuzwa kwenye mkate. Jibini yenyewe hutengenezwa kwa maziwa mabichi ya kondoo wa aina ya Lacaune, hudungwa kwa sindano ili hewa ipenye na ukungu ukue ndani, kisha huwekwa kwenye mapango ya mlima Combalou, ambamo hewa baridi na yenye unyevu hupita kwenye nyufa za mwamba. Wafaransa waliilinda kisheria tangu 1925: isiyokomazwa pale haiitwi Roquefort.

Sauternes nayo ni zao la ukungu. Msimu wa vuli ukungu mzito, ule wa hewani, hutanda asubuhi kutoka mito ya Ciron na Garonne, na zabibu hushikwa na kuvu aitwaye Botrytis cinerea. Huyu huitoboa ngozi ya zabibu, maji yakapungua, sukari na uchachu vikabaki vimekolea. Wavunaji hupita shambani mara kadhaa, wakichuma zile tu zilizonyauka vizuri. Mvinyo unaotoka ni mtamu, wa rangi ya dhahabu, wenye harufu ya asali, aprikoti na maganda ya chungwa yaliyopikwa na sukari.

Kila kimoja peke yake kilinishinda. Sauternes niliiona tamu kupita kiasi, Roquefort chumvi kupita kiasi. Nikachukua kipande cha Roquefort kisichozidi ukucha wa kidole gumba, nikakibana polepole kwenye kaakaa mpaka kikayeyuka, na kabla sijameza nikapiga funda dogo la Sauternes. Ukali ulitulia palepale. Chumvi ilikuwa bado ipo, lakini ilikuwa kama chumvi unayotia kwenye tunda ili utamu wake utokeze. Utamu wa mvinyo haukuwa tena mzito, ulikuwa na uchangamfu, na chini yake ikatokea ladha ya maziwa ya kondoo ambayo sikuwahi kuihisi hata siku moja nilipoila jibini hiyo peke yake. Nilikaa kimya na kile kinywa kwa muda. Tangu siku hiyo sijawahi kusema jibini fulani siipendi kabla ya kuipa mvinyo mtamu nafasi. Kwa kanuni hiyohiyo Waingereza hunywa Port, mvinyo mtamu wa Ureno, na Stilton, jibini yao ya bluu: Port huachwa na utamu kwa sababu uchachaji hukatizwa kwa kuongezwa pombe kali, na Stilton ina chumvi ya kutosha kuupokea utamu huo.

Jambo moja lililonifundisha subira ni mvinyo wa njano wa Jura, eneo la mashariki mwa Ufaransa, uitwao vin jaune. Zabibu ya Savagnin, kwenye pipa ambalo kwa makusudi halijazwi tena mvinyo unapopungua, mpaka utando wa hamira unafunika uso wa mvinyo kama ngozi. Hukaa hivyo kwa miaka, na hauruhusiwi kuuzwa kabla ya kutimiza miaka sita na zaidi. Chupa yake fupi nene ina sentilita 62, na husemwa kwamba ndicho kinachobaki katika lita moja baada ya muda wote huo. Nilipouonja mara ya kwanza niliamini umeharibika. Ulinuka njugu zilizokaangwa, bizari na tufaha lililokatwa likaachwa mezani. Nilikuwa karibu kuumwaga. Bahati nzuri nilikuwa na Comté mezani, jibini ngumu ya eneo hilohilo, iliyokuwa na zaidi ya mwaka, yenye vichembe vinavyolia chini ya meno. Vichembe hivyo wengi hudhani ni chumvi, kumbe ni tirosini, zao la protini inayovunjika jibini inapokomaa. Nilitafuna Comté, nikanywa. Njugu za mvinyo na njugu za jibini zikawa kitu kimoja, na ladha ikaendelea kukaa kinywani dakika nzima baada ya kumeza. Sasa huo ndio mvinyo ninaoutafuta kuliko wote. Kama ningehukumu kwa funda la kwanza ningeupoteza maisha yangu yote.

Kuhusu bei, hilo swali lako la pili, sidhani ndilo lililokukwamisha. Tarehe 24 Mei 1976 jijini Paris, mfanyabiashara wa mvinyo Steven Spurrier aliwapa majaji wa Kifaransa glasi bila kuwaonyesha chupa, mvinyo wa Ufaransa ukichanganywa na wa California ambao wakati huo wengi hawakuupa hadhi. Kwa weupe alishinda Chateau Montelena 1973, kwa mwekundu Stag's Leap Wine Cellars 1973, wote wa California. Nyumbani mwenzangu huzivika chupa tatu karatasi na kuzipa namba. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo, ile niliyoipa alama ya juu ndiyo ile ambayo siku chache kabla niliidharau nikiwa naisoma lebo. Iliniuma, na tangu hapo nafanya hivyo kila nikipata nafasi.

Ila kitu kimoja kagua kabla hujailaumu jibini: nusa glasi ikiwa peke yake. Kama inanuka karatasi ngumu iliyoloa au stoo yenye unyevu, chupa hiyo ina kasoro inayotokana mara nyingi na kizibo, na hakuna jibini itakayoiokoa. Ni kemikali iitwayo TCA, nanogramu chache tu kwa lita zinatosha kuua harufu ya tunda. Mimi chupa ya namna hiyo niliinywa mpaka mwisho nikidhani ndio "udongo" wanaousifu watu. Rudisha ulikoinunua.

Kwa namna ya kuonja, sina mengi. Jibini itoe kwenye friji saa moja kabla, maana ikiwa baridi mafuta yake yameganda na harufu haitoki. Mwekundu usiwe wa joto, nyuzi 16 hadi 18 zinatosha, na mweupe usiugandishe. Onja mvinyo kwanza, kisha jibini peke yake, kisha vyote pamoja, anza na jibini changa na umalizie na ya bluu, la sivyo hutaonja tena kitu. Aina tatu kwa jioni moja zinatosha, na ukitaka kuonja zaidi ya hapo basi teme, ndivyo wanavyofanya wanaoifanya kazi hii.

Na andika, mkuu, lakini andika maneno yako. Daftari langu la kwanza limejaa majina ya matunda ambayo sijawahi kuyashika mkononi, niliyanakili kutoka kwenye lebo. Nikilisoma leo halinikumbushi chochote. La pili lina maneno kama "mvua ya kwanza juu ya vumbi", "siagi iliyoanza kuungua", "ganda la mkate", "ukakasi kwenye fizi za mbele tu". Hayo nikiyasoma, mvinyo unarudi kinywani.

Umesema chupa ya tatu imebaki zaidi ya nusu. Usiimwage. Ifunge, iweke kwenye friji, na kesho itoe mapema ipate joto kidogo. Tafuta jibini ngumu iliyokomaa, Parmigiano-Reggiano ya miezi 24 au Cheddar ya zamani, isiyo na lile ganda jeupe, na uimeguemegue badala ya kuikata. Onja mvinyo peke yake kwanza, utafune jibini, urudi kwenye glasi. Kisha rudia na kile kipande cha Brie kilichobaki, ukiwa umekikwangua ganda. Niandikie umepata nini kwenye kila kimoja, hasa hiyo ladha ya chuma: imeanzia wapi kinywani na imekaa muda gani.